Kinga ya Papa Donatien

Nilifika Likasi kilio kimekwisha. Viti vya kukodi vilikuwa vimerudishwa, turubai limekunjwa, na uani ilibaki alama nyeusi ya moto walioota wanaume. Habari ya kifo cha Papa Donatien ilinifikia Lubumbashi kwa kuchelewa, na mimi nikaichelewesha zaidi, kwa sababu kila nilipofunga mfuko wangu nilikumbuka kwamba marehemu ndiye yule niliyempotezea kinga, nikaufungua tena. Kwetu Katanga, kinga ni baiskeli. Nalisema hili mapema, maana msomaji wa Dodoma au wa Mombasa atakuwa amekwisha kufikiria kitu kingine, na hicho kitu kingine ndicho kilichonitafuna miaka yote hii.

Mjane wake, Mama Vero, alinikaribisha ndani. Saloni, sebule yao, ilikuwa ile ile: kabati la vyombo lenye kioo kilichopasuka, picha ya Moyo Mtakatifu, meza ndefu yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha kigae. Na ukutani, juu ya meza, guidon, usukani wa kinga. Ile ya mashindano, iliyopinda kama pembe za kondoo dume, ambayo Papa Donatien aliichomoa kwa mikono yake mwaka ule ili nipate kubeba magunia. Nilidhani imekwisha kuuzwa zamani. Mama Vero alikuwa ameitundikia kanga mbili za kufutia vyombo, na zilikuwa zinadondosha maji mezani. Macho yangu yalikwenda pale yakakataa kurudi. Akaniona, akaenda kuniletea maji ya kunywa.

Mwaka ninaousema ni ule kiwanda kilipoacha kulipa watu. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza shule, na nyumbani walikuwa wananitazama mimi. Mambo ya kwetu sitayaeleza. Kila nyumba ya Likasi ilikuwa na yake, na yote yalifanana. Tulikula bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku, na sombe, kisamvu kisichojua mafuta. Wanaume waliendelea kwenda kazini asubuhi na gamela ya chakula mkononi, gamela tupu, kwa sababu asiyeonekana angefutwa jina siku kazi itakaporudi. Kazi haikurudi, lakini gamela zilikwenda na kurudi. Waliokuwa wanakula vizuri walikuwa wenye kinga. Walipakia chumvi na sabuni, wakashuka kwa bonde la Panda hadi Lufira, wakapita Kapolowe, wakazunguka ukingo wa ziwa kwenye vijiji vya wavuvi, wakabadilishana, wakarudi na samaki na mahindi. Mimi nilizunguka mtaa mzima nikiomba kinga ya kuazima. Hakuna aliyenipa, na sikuwalaumu. Mwaka ule mtu alikuwa anaweza kukuazima mtoto wake, si kinga.

Papa Donatien alikuwa jirani, fundi wa mashine kiwandani. Zamani, wakati wa vitu vizuri, alikuwa mkimbiaji wa kinga. Jumapili baada ya misa walikuwa wanashindana yeye na wenzake kutoka Panda hadi ziwani na kurudi, na sisi watoto tulikuwa tunasimama kando ya barabara kuona nani ametangulia. Kinga yake ilikuwa ya kijani, nyepesi, unaiinua kwa mkono mmoja. Hata baada ya mashindano kufa aliendelea kuipaka mafuta kila Jumamosi, akiipanda kwenda kiwandani. Mtu mpole, mwenye utani wa chinichini. Ukimwambia bukari imekuwa ndogo, atakujibu kwamba sahani ndiyo imekuwa kubwa.

Basi wakati ule alikuja mhubiri mgeni kutoka upande wa Kigoma, akaalikwa kwenye kikundi cha maombi cha mtaa wetu. Mama Vero alikuwa anasali pale. Papa Donatien alikuwa Mkatolika wa damu, ila alikuja kumsindikiza mkewe, akasimama nyuma kabisa ameishika kinga yake kwa guidon, maana mwaka ule hakuna aliyeiacha kinga nje. Mhubiri alikuwa mwembamba, sauti tamu, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Tulimwelewa jinsi unavyomwelewa mtu anayesema upande wa pili wa ukuta: mengi unayapata, mengine unayakisia. Alisema habari za dhiki, akasema habari za jirani, kisha akanyoosha kidole juu: "Ndugu zangu, siku ya dhiki usimnyime jirani yako kinga. Aliye na kinga amkinge asiye nayo."

Ua mzima ukachangamka. Wasiokuwa na baiskeli waliitika amina ya kutoka tumboni. Wenye nazo waliinama, kama wanatafuta kitu kilichoanguka chini. Lile neno "amkinge" lilitupita, lakini tulidhani ndivyo wanavyosema watu wa kule: amkinge, yaani ampe kinga. Mama mmoja kando yangu akanigusa kiwiko. "Umesikia? Mungu anajua na mambo ya vélo, mambo ya kinga." Mimi nilikuwa nimekwisha kugeuka nyuma. Naona haya kuandika, lakini niligeuka kabla mhubiri hajamaliza, nikamtazama Papa Donatien, na watu walionizunguka wakafuata macho yangu, wakamtazama vilevile. Yeye alikuwa anamtazama mhubiri, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza mashine iliyobadilisha sauti.

Asubuhi yake alikuja kwetu anasukuma kinga. "Rozali, kuya ushike."

"Papa, hii hii?"

"Usiulize sana. Shika, mbele ya kubadilisha roho."

Nikashika. Sikumuuliza yeye ataendaje kiwandani. Sikuuliza kitu chochote, na nilicheka hadi mama yangu akatoka nje kuona nimepatwa na nini.

Ile kinga haikuwa ya mizigo, kwa hiyo aliibadilisha. Tulikaa uani kwake, mimi nikimshikia spana, yeye akivua matairi membamba na kuweka mapana aliyoyapata wapi sijui, akachomea chuma kizito cha kubebea mzigo nyuma, akachomoa ile guidon ya kupinda na kuweka ya kunyooka. Akaigeuza farasi ikawa punda. Mama Vero alikuwa kwenye kinu anatwanga sombe. Alitwanga tangu tulipoanza hadi tulipomaliza, na sombe gani inatwangwa hivyo? Nilidhani anatwanga tu. Leo, nikisikia kinu popote pale, najua alikuwa anatwanga nini.

Kisha akanifundisha njia, pale mezani, chini ya ule ukuta ambao guidon ilikuwa imetundikwa siku hiyo hiyo. Alichukua kijiko kikubwa cha kupakulia akasema hii ni Lufira. Uma ikawa mto Panda. Bakuli la chumvi likawa Kapolowe, na sahani ya bati, iliyopambwa maua, ikawa ziwa. "Hapa unashuka, usijifanye mwanaume, breki haitashika na mzigo. Hapa kuko maji ya kunywa, juu ya mawe. Hapa ku ziwa upepo unakupiga mu kifua asubuhi, lakini kisha midi, saa sita, unakusukuma. Ule upepo ni rafiki, umungojee." Alisema kama anaimba. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima anapenda barabara namna hiyo. "Na ku kurudi," akasema, "fuata njia ya ukingo. Ni ndefu, lakini usipite goudron, ile njia ya lami. Ku goudron kuko bantu." Hakuhitaji kusema watu gani. Mama Vero akaja, akaichukua Lufira toka mezani, akaenda kuwapakulia watoto sombe. Tulicheka, mimi na Papa. Yeye hakucheka.

Nikaanza kushuka. Mwanamke juu ya kinga yenye mzigo hakuwa jambo la kila siku, na njiani nilipigiwa miluzi ya kila rangi. Lakini mwili ulizoea, na baada ya majuma machache nilijua lile bonde kuliko kitanda changu. Kuna mahali, ukimaliza mteremko wa mwisho kabla ya Kapolowe, miti inaachana na maji yanatokea yote kwa pamoja, meupe, hadi unafumba macho. Nilikuwa nashuka pale kwenye kinga, naiegemeza kwa kiuno, natazama. Nilikuwa na furaha. Hilo ndilo gumu kulisema kuliko yote: mwaka ule watu wa Likasi waliuza milango ya nyumba zao, na mimi nilikuwa na furaha, nina misuli kwenye mapaja na harufu ya samaki kwenye nywele, na watu wa kwetu wanakula.

Ukingoni mwa ziwa nilikuwa nafikia kwa mke wa mvuvi aliyeitwa Bana Mwape. Kibanda cha nyasi, moshi mtupu, samaki wamepangwa juu ya chanja na mafuta yao yanadondoka motoni. Alinipa bukari na kichwa cha samaki, kwa sababu kichwa anapewa mgeni, kisha akatoka kuichunguza kinga. Aliizunguka, akagusa kengele.

"Ni ya nani?"

"Ya papa mumoja wa kwetu. Alinipatia."

"Na bibi yake wa nyumba? Yeye anatembeaka na nini?"

"Iko na miguu," nikajibu, mdomo umejaa. Tukacheka sote wawili. Samaki yule alikuwa mtamu, nakumbuka hadi leo.

Kila niliporudi nilipeleka sehemu nyumbani kwa Papa Donatien: samaki waliokaushwa, kikombe kikubwa cha mahindi. Nilijiona mwenye heshima zake. Mama Vero alipokea kwa mikono miwili, akasema merci, hakunikaribisha kukaa. Mara nyingi sikumkuta kabisa. Watoto walisema ameenda shamba. Nilijua ana shamba upande wa pili wa Kamatanda. Nilimwona mara moja kwa mbali, anapanda kile kilima na beseni la mahindi kichwani, mtoto mgongoni, na mimi nilikuwa nateremka kwa kasi upande mwingine. Nilipiga kengele kumsalimu. Hakuweza kugeuza kichwa, kwa ajili ya beseni. Na siku moja bombani, nyuma ya ukuta, nilisikia wanawake wakisema: "Bwana anatoaka kinga kwa mutoto mwanamuke bure? Mm. Vero ni mujinga ao ni mutakatifu." Nilijaza ndoo yangu polepole ili waondoke kwanza. Nilikasirika kwa ajili yangu na kwa ajili ya Papa. Kwa ajili ya Mama Vero sikukasirika, maana nilidhani jina lililochafuliwa ni la sisi wawili.

Mwisho wake ulikuja kwa uchovu wangu. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya ukingo ilikuwa tope, na mimi nilikuwa nimechoka. Sina sababu nyingine. Nikapita goudron. Kabla ya daraja walikuwa wameweka gogo katikati ya barabara, vijana wenye bunduki na njaa kubwa kuliko yetu. Hawakunipiga. Walichukua samaki, walichukua mahindi, na mmoja wao, mdogo kuliko mimi, akapanda kinga akaanza kuzunguka nayo, miguu haimfiki vizuri, wenzake wanampigia makofi. Aligonga kengele kama mtoto. Nikakaa kando ya barabara nikingoja achoke. Hakuchoka. Mkubwa wao akaniambia niende nyumbani, dada, usiku unakuja, na akasema kwa sauti nzuri kabisa.

Nilitembea hadi kwa Papa Donatien. Nilimkuta mlangoni anavua viatu vya kazi, soli moja imefungwa kwa waya. Nilipomweleza, akasema, "Kinga ni chuma. Weye umerudi." Nilianguka miguuni pake nikalia, nikamwomba msamaha, akaniinua. Mama Vero alikuwa jikoni, nyuma ya pazia, na pazia halikutikisika. Baada ya mwezi nilihamia Lubumbashi kuuza vitambaa, na tangu siku ile nilikuwa namtumia Papa Donatien vitu: shati, dawa ya goti, radio. Kila mzigo niliuandikia "Papa, nisamehe". Alijibu kwa utani. Aliuliza kama huko Lubumbashi sahani zimekuwa kubwa vilevile.

Neno lenyewe nililijua baadaye, nikiwa na wajukuu. Nilikuwa zahanati mpakani, Kasumbalesa, nimepeleka mtoto kuchanjwa, na ukutani kulikuwa na karatasi iliyoletwa kutoka Tanzania: "Kinga ni bora kuliko tiba." Nilicheka peke yangu. Nikamwambia dereva wa lori aliyekaa jirani, Mtanzania, kwamba kweli watu wa kwao wanapenda baiskeli, hadi wanaziweka mbele ya dawa. Akanitazama kwa huruma. "Mama, kinga ni kitu cha kukulinda. Ukimkinga mtu, umemlinda." Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mgonjwa. Mtoto alichanjwa akalia, na mimi nikalia naye, muuguzi akadhani namwonea huruma mjukuu. Basi yule mhubiri hakusema baiskeli hata kidogo. Papa Donatien alitoa kitu alichokipenda kuliko vyote kwa sababu ya kosa la masikio, na mimi ndiye niliyegeuka nyuma kumwonyesha kwa watu. Tangu siku hiyo nilijiona mwizi, mwizi asiyejua kwamba ameiba, lakini mali aliila. Nilipanga kwenda Likasi nimwambie. Nilipanga mwaka baada ya mwaka, mpaka akafa.

Kwa hiyo, siku ile saloni, nilipokwisha kunywa maji, nilimwambia mjane. Nilimweleza karatasi ya zahanati, dereva, neno. Nikamwambia kwamba Papa ameondoka bila kujua na kwamba moyo wangu hautatulia. Mama Vero alisikiliza huku anakunja kanga alizozitoa kwenye guidon. Amekonda, shingo yake imesimama wima kama ya msichana.

"Alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Ile neno. Alikomalea Kalemie tangu mutoto, ku ziwa kubwa, kulikuwa bantu wa Kigoma banauza bintu. Tulitoka ku maombi, tuko njiani, akaniambia: ule muhubiri hakusema vélo, alisema kulinda. Minye nikasema, asante Mungu, basi kinga inabakia. Sababu minye nilikuwa nimeipangia kazi, ile kinga. Asubuhi anaenda nayo kazi, lakini samedi na dimanche, siku haendi kazi, minye naisukuma ku shamba, inabeba mahindi. Akasema: Vero, banasema nimulinde mutoto wa bantu. Nitamulinda na nini? Niko na nini ingine?"

Kwanza, na nitasema kweli, nilihisi mzigo unanitoka. Alijua, hakudanganywa, alinipa kwa macho yaliyo wazi. Machozi yalinitoka ya furaha, nikasema, "Papa, Papa, asante, unisamehe." Nikayasema nikiitazama ile guidon.

Mama Vero akaweka kanga chini. "Unaona? Paka yeye. Miaka yote, paka yeye tu. Papa shati, Papa radio, Papa nisamehe. Yeye alitoa kitu yake, akalala vizuri. Alitoa ya yeye, akatoa na ya minye. Minye hakuniuliza. Na weye haukuniulizaka."

Alisema bila kupaza sauti. Huko nje kuku walikuwa wanaparua ile alama ya moto. Nilikumbuka kinu, na kijiko, na pazia, na kengele niliyompigia mtu asiyeweza kugeuza kichwa. Nilikumbuka "iko na miguu". Nilikuwa nimebeba hatia yangu miaka yote kama mtu anayebeba mzigo usio wake, na ule wangu hasa, deni la Mama Vero, niliuacha mlangoni pake. Nikashuka kutoka kwenye kiti nipige magoti. Akanishika bega.

"Hapana. Usiombe bado. Goti ni kitu rahisi. Unalala hapa?"

"Nalala."

"Kesho niko na mahindi ku shamba. Utanisaidia."

Asubuhi nilifikiri tutachukua pikipiki, maana siku hizi zimejaa kila kona. Alizipita zote. Tulikwenda kwa miguu hadi ng'ambo ya Kamatanda, tukipita kati ya vijana wachimbaji walioinamia mashimo yao, wakatusalimu, mama hodi, mama karibu. Shambani alijaza mahindi kwenye beseni, akanifungia ngata ya kanga, ile kanga ya kwenye guidon, akaninyanyulia beseni kichwani. Beseni lilikuwa moja. Yeye alitembea mikono mitupu, kando yangu, polepole, kama alivyokuwa akitembea Papa na kijiko chake mezani. Na kama Papa, alinifundisha njia.

"Hapa njo nilikuwa natulaka beseni, napumzisha mutoto," akasema penye jiwe bapa. Sikuweza kugeuza kichwa, nikaliona kwa pembe ya jicho. Mbele kidogo: "Hapa njo mimba moja ilitoka. Hatukusemaka kwa bantu." Nikasimama. Akanisukuma mgongoni kwa kiganja, si kwa nguvu, nikaendelea. Shingo ilikuwa inawaka na jasho linaniingia machoni, siwezi kulifuta. Tukafika kwenye kile kilima, pale juu, ambapo njia inageuka na unaanza kuona mabati ya Likasi.

"Na hapa," akasema Mama Vero, "hapa njo nilikuwa nakutukanaka. Kila siku. Hapa tu, sababu hapa upepo unabeba maneno."

"Nitukane sasa," nikasema.

Alifikiri. Pikipiki ikatupita, ikapiga honi kutusalimu, na hakuna kati yetu aliyeweza kuitikia, mimi kwa ajili ya beseni, yeye kwa ajili ya kulishika, maana nilikuwa naanza kuyumba.

"Tufike kwanza," akasema.